Mafuta Yakimaliza Kazi, Yatoke Sufuriani

Mtu wa nyumba ya biriani, kuku paka, sambusa, puri na bajia akiambiwa na daktari kwamba sukari yake imepanda, jambo la kwanza analoulizia ni orodha ya vyakula vya kuacha. Mimi siandiki orodha hiyo. Najua inakoishia: mgonjwa anachemshiwa kabichi yake pembeni, anaila amenuna huku sinia la biriani likipita mbele ya pua yake, kisha usiku nyumba ikilala anafungua friji. Msimamo wangu ni kwamba mapishi ya Kihindi tuliyorithi hayana haja ya kuachwa, wala kugeuzwa chakula cha wodini. Vinavyotakiwa kubadilika ni vitatu: kipimo cha mafuta yanayoingia sufuriani, kiasi cha wali na mkate kinachopanda sahani, na idadi ya siku ambazo chakula cha sherehe kinaliwa kama cha kila siku. Na mabadiliko hayo hufanywa jikoni, na anayepika. Mlaji akiachwa apambane peke yake mezani, atashindwa.

Ninaposema nyumba hizi nina maana ya familia zenye asili ya Gujarat, Kutch na Punjab zinazoishi Upanga na Kisutu jijini Dar es Salaam, Parklands na Ngara jijini Nairobi, na Mombasa. Lakini siwaachi nje Waswahili wa pwani, kutoka Lamu hadi Unguja, ambao kwa vizazi vingi vya biashara ya Bahari ya Hindi wamezifanya chapati, sambusa, kachori, biriani na achari kuwa vyakula vyao. Tena mahali pengine mrithi amemzidi aliyemrithisha. Rotli ya Kigujarati ni nyembamba, inaiva juu ya chuma kikavu na kupakwa samli kidogo ikishaiva. Chapati yetu ya kusukuma hukunjwa na mafuta ndani, kisha ikakaangwa kwa mafuta nje. Kwa hiyo anayedhani habari hii ni ya Wahindi peke yao aangalie kwanza karai lake.

Kwa nini nyumba hizi zijihadhari kuliko nyingine? Kwa sababu miili ya watu wenye asili ya Asia Kusini huanza kuumia mapema, wakiwa bado wembamba. Mwaka 2004 madaktari wawili, Chittaranjan Yajnik wa Pune, India, na John Yudkin wa Uingereza, walichapisha picha yao ya pamoja katika jarida la Lancet. Wote wawili walikuwa na BMI ileile ya 22.3, kipimo kinachotokana na kilo za mtu zikigawanywa kwa urefu wake wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Ukiwatazama hukuona mnene. Lakini mwili wa Yudkin ulikuwa na mafuta asilimia 9.1, na wa Yajnik asilimia 21.2. Kwa watu wenye asili ya Asia Kusini mafuta hayo ya mwili hupenda kukaa tumboni, kuzunguka ini na matumbo, na huko huizuia insulini isifanye kazi yake sawasawa. Ndiyo maana mwaka huohuo wataalamu walioitwa na Shirika la Afya Duniani walipendekeza kwamba kwa Waasia hatari ianze kuhesabiwa kwenye BMI ya 23 badala ya 25 ya kawaida. Kwa kiuno, mpaka wa watu wenye asili ya Asia Kusini ni sentimeta 90 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke. Hapa kwetu pia jambo hili lilionekana zamani. Katika miaka ya 1980 madaktari wa Dar es Salaam walipopima sukari vijijini Tanzania walikuta kisukari kwa karibu asilimia 1 tu ya watu wazima. Walipozipima jamii za Kihindi mjini, waliukuta ugonjwa huo kwa wingi wa mbali zaidi.

Sasa tuingie kwenye hesabu, maana hapa ndipo macho yanapodanganya. Gramu moja ya mafuta, ya aina yoyote, ina kilokalori 9. Gramu ya wanga au protini ina 4. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kinakaribia kilokalori 120. Chukua mchuzi wa kuku wa watu sita ulioungwa kwa kikombe kimoja cha mafuta, mililita 250. Mafuta hayo peke yake ni kilokalori zipatazo 2,070, yaani 345 kwa kila mlaji, kabla hujahesabu kuku, viazi wala wali. Mchuzi huohuo ukiungwa kwa vijiko vinne, kila mtu anapata zaidi kidogo ya 80. Tofauti ni kilokalori 260 kwa mlo mmoja kwa mtu mmoja, nyingi kuliko zilizomo katika kikombe cha wali uliopikwa, na hakuna aliyeshiba zaidi kwa ajili yake.

Au pima kwa mwezi. Lita moja ya mafuta kwa mtu kwa mwezi ni gramu 31 hivi kwa siku. Lita mbili ni gramu 61. Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta yote ya mtu mzima yasizidi asilimia 30 ya nishati anayokula. Kwa anayehitaji kilokalori 2,000 kwa siku, hiyo ni gramu 67. Mwenye lita mbili amekwisha kuimaliza karibu haki yake yote kutoka kwenye dumu peke yake, na bado hajala nyama, maziwa, korosho wala tui la nazi.

Kazi ya mafuta ni ipi hasa?

Hakuna mpishi atakayekubali kupunguza kitu asichojua kinafanya nini. Katika mapishi haya mafuta yana kazi mbili za kweli. Ya kwanza ni kuibeba harufu. Manukato ya bizari nyembamba, haradali, mdalasini, karafuu na majani ya mchuzi huyeyuka katika mafuta kuliko katika maji, na ndiyo maana dengu lililochemshwa huamka pale linapomwagiwa vaghar, yale mafuta ya moto yaliyopasulia haradali na kitunguu saumu. Lakini kwa kazi hiyo kijiko kimoja kinatosha sufuria nzima, hasa kikitiwa mwishoni, kwa kuwa harufu inabaki juu, karibu na pua ya mlaji. Kazi ya pili ni kupitisha moto ili vitunguu vibadilike rangi bila kuungua. Maji yakichemka hayapandi juu ya nyuzi 100. Mafuta hupanda zaidi, na rangi ya kahawia pamoja na utamu wake huhitaji joto hilo. Kazi hiyo pia inaisha mapema. Vitunguu vikishaiva na nyanya zikishaingia, mafuta ni abiria aliyefika kituoni kwake na kukataa kushuka.

Hapo ndipo penye kosa kubwa la jikoni kwetu, nalo limetokana na maagizo mazuri yaliyoeleweka vibaya. Wazee walifundisha kwamba masala yakaangwe mpaka mafuta yajitenge. Ni kweli. Maana ya alama hiyo ni kwamba maji ya vitunguu na nyanya yamekwisha kukauka, kwa hiyo masala hayawezi tena kuyashika mafuta, nayo yanachuruzika pembeni. Alama inapima maji. Wengi wetu tumeigeuza kuwa kipimo cha mafuta: yasipoelea tunaongeza, na mchuzi usiong'aa tunauita mchuzi wa bahili. Ukitumia mafuta kidogo alama haipotei, inakuwa ndogo tu. Masala yanajikusanya, yanaachia kuta za sufuria, yanang'aa kidogo, na ile harufu mbichi ya kitunguu saumu na nyanya inaondoka. Yakitaka kushika chini, tia maji kijiko kimoja kimoja na uendelee kugeuza. Vitunguu navyo vianze na chumvi kidogo na mfuniko juu, vitoe maji yao wenyewe na kulainika, ndipo ufunue vipate rangi.

Na mchuzi ambao umekwisha kupikwa kwa mafuta mengi? Uache utulie dakika kumi bila kuuchochea. Mafuta ni mepesi kuliko maji, yatapanda juu yenyewe. Yachote kwa upawa, yatie kwenye chupa, yaweke kwenye friji. Usiyamwage: yamekwisha kubeba viungo, na kesho kijiko chake kimoja kitaunga dengu au bamia bila kugusa dumu. Mchuzi uliolala kwenye friji ni rahisi zaidi, kwa kuwa mafuta mengi huganda juu na unaweza kuyainua kwa kijiko.

Kukaanga kwenye mafuta mengi kuna siri yake. Sambusa ikiwa ndani ya mafuta ya moto, mvuke unaotoka ndani unayasukuma mafuta nje. Mafuta mengi huingia baada ya kuitoa, inapoanza kupoa: mvuke ulio ndani ya ganda unasinyaa na kuyavuta mafuta yaliyobaki juu ya ngozi. Kwa hiyo dakika ya kwanza nje ya karai ndiyo ya kuyakung'uta, kwa kuisimamisha sambusa kwenye chujio au kwenye karatasi wakati bado ni ya moto. Mafuta yasiyopata moto wa kutosha, chini ya nyuzi 170 hivi, hukawiza ganda kukauka, na kitu kinatoka kimelegea na kulowa. Bilinganya ni habari nyingine. Nyama yake imejaa vijitundu vya hewa, na itakunywa mafuta yoyote utakayoipa. Ichome kwanza juu ya moto kama ya bharta, ile bilinganya ya kupondwa, au ichemshe kwa mvuke, ndipo uiunge.

Biriani ina milango minne ya mafuta: vitunguu vya kukaanga, viazi vya kukaanga, masala yenyewe, na samli inayomwagwa juu ya wali pamoja na zafarani. Anayepunguza kwa woga hupunguza hiyo ya mwisho, na wageni wote wanagundua. Mimi ningeiacha samli ya mwisho, vijiko viwili au vitatu, kwa sababu ndiyo inayonukia mfuniko ukifunuliwa. Viazi vichemshwe nusu kisha vipakwe rangi na mafuta kidogo na kuokwa. Vitunguu vikatwe vyembamba, vikorogwe na vijiko viwili vya mafuta, viokwe vikigeuzwageuzwa mpaka viwe vya dhahabu. Masala yategemee mtindi na nyanya. Milango mitatu imebanwa, na biriani bado ni biriani.

Maneno yanayosemwa mezani

"Bibi alikula samli maisha yake yote akafika miaka tisini." Pengine ni kweli, na marehemu wa jirani aliyeanguka kwa moyo akiwa na hamsini hatajwi katika hadithi hiyo. Bibi alitembea, alisaga, alipika kwa samli iliyokuwa ghali na kupimwa kwa kijiko. Zaidi ya nusu ya mafuta ya samli ni yaliyoshiba, yale yanayoelekea kuganda yakipoa, na hayo hupandisha lehemu mbaya kwenye damu, au kolesteroli kama wengi wanavyoiita. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni yasizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Samli ya kijiko ni kiungo. Ya upawa ni mzigo kwa moyo.

"Haya ni ya mimea, yameandikwa hayana lehemu." Hakuna mafuta ya mimea yenye lehemu ya maana, maandishi hayo yanakusifia kitu ambacho chupa jirani inacho pia. La kuuliza ni mafuta hayo yameshiba kiasi gani. Ya mawese, ambayo ndiyo yamo katika madumu mengi yanayotoka Malaysia na Indonesia, yameshiba karibu nusu. Ya nazi hupita asilimia 80. Ya alizeti, yanayokamuliwa Singida na Dodoma, ni kama asilimia 10 tu. Hofu kubwa zaidi iwe kwa mafuta ya mimea yaliyogandishwa kiwandani, ile samli bandia ya kopo ambayo India wanaiita vanaspati. Ugandishaji usiokamilika huzalisha mafuta ya transi, ambayo ni mabaya kuliko samli yenyewe. Tangu Januari 2022 sheria ya India hairuhusu yazidi asilimia 2 ya mafuta. Hata hivyo, anayehamia alizeti asijipe ruhusa ya kumimina: kilokalori ni zilezile 9.

"Sisi hatuli nyama." Heko, lakini vitafunio vya gathia na chevda, bamia za kukaanga, viazi vya jira na jalebi havina nyama, na bado vinaogelea kwenye mafuta na wanga. Mlo wa Kigujarati wa kila siku mara nyingi una wali, rotli na viazi kwa pamoja. Hizo ni wanga tatu kwenye sahani moja, na dengu linalotakiwa kuleta protini limefanywa jepesi kama supu. Asiyekula nyama anahitaji dengu zito, choroko, mbaazi na mtindi kuliko mtu mwingine yeyote.

"Nimeacha sukari kwenye chai." Vizuri, ila wali wa basmati huwa sukari ukifika tumboni. Wengi wanaopata vipimo vibaya wameacha vijiko viwili vya sukari huku milima miwili ya wali ikiendelea. Mafuta na wanga vikiingia kwa pamoja na kwa wingi, mwili hutumia sukari kwanza na kuyaweka mafuta akiba. Kwa watu niliowaeleza hapo juu, akiba hiyo huwekwa tumboni.

Anayeshika chupa

Hapa wataalamu wengi wa lishe hukosea, kwa kumpa mgonjwa karatasi ilhali mgonjwa hashiki upawa. Katika nyumba nyingi za Wahindi wa Afrika Mashariki lugha ya jikoni ni Kiswahili, na anayemimina mafuta ni mpishi wa kuajiriwa aliyefundishwa na bibi mwenye nyumba zamani na kusifiwa kwa mchuzi unaong'aa. Kama hakuambiwa, au aliambiwa juujuu tu "punguza mafuta", atapunguza leo na kesho atarudi kwenye mkono wake wa siku zote. Mpe kipimo. Kijiko kimoja cha chakula kikae ndani ya kopo la viungo. Dumu la lita 20 litoke jikoni, na mafuta ya wiki yatiwe kwenye chupa ndogo. Chupa ikiisha Alhamisi, kila mtu ataona. Na akipika vizuri kwa vijiko vinne asifiwe mbele za watu, maana ni sifa zilezile zilizomfundisha kumimina.

Nyumba yenye mama mkwe inahitaji adabu zaidi. Mkamwana anayefika na kusema mapishi haya yanaua ameanzisha vita. Njia ninayoipendekeza ni kumwomba mzee afundishe alichokula siku za kawaida utotoni. Atataja kichri ya mchele na choroko, kadhi ya mtindi, dhokla na muthia za mvuke, choroko za supu, na mkate wa rotlo wa bajra, nafaka ileile tunayoiita uwele na inayolimwa Dodoma. Hicho nacho ni chakula cha asili, tena chenye mafuta kidogo. Mafuta yaliposhuka bei na friji zikajaa, vyakula vya Diwali, Idi na harusi vilihamia Jumanne, na vya Jumanne vikasahauliwa. Kuvirudisha kunampa mzee heshima ya kuwa mwalimu badala ya mshitakiwa.

Kwa hiyo panga kalenda. Siku ya biriani iwe moja kwa wiki, Ijumaa au Jumapili kama desturi ya nyumba. Vya kukaanga vibaki kwa wageni na sikukuu, na vikaangwe kweli. Sambusa ya oveni inaliwa, lakini sitamdanganya mtu kwamba ni sawa na ya karai. Afadhali mbili za karai siku ya Idi kuliko tano za oveni kila jioni kwa jina la afya. Wakati wa Ramadhani, bajia na sambusa za kila futari huwafanya baadhi ya watu wamalize mwezi wa kufunga wakiwa wameongezeka uzito. Navratri, sikukuu ya Kihindu ya usiku tisa, nayo ina mtego wake, kwa kuwa viazi na sabudana (punje za sago) za kukaanga huliwa kwa jina la kufunga.

Mezani, wanga iwe moja: wali au rotli, visipande vyote viwili, na viazi vihesabiwe upande wa wanga. Nusu ya sahani iwe kachumbari na mboga. Anza na kachumbari na dengu, wali uje mwisho; majaribio yaliyofanywa kwa wenye kisukari yameonyesha kwamba mpangilio huo hupunguza kupanda kwa sukari baada ya kula. Matembezi ya robo saa baada ya mlo yanasaidia pia. Achari na papadi zichukuliwe kwa uchache kwa sababu ya chumvi, ambayo kwa siku nzima haitakiwi kupita gramu 5. Anayetumia insulini au vidonge vinavyoshusha sukari kwa nguvu asipunguze wali ghafla bila kumwambia daktari, kwani sukari inaweza kuanguka.

Februari 2025 Waziri Mkuu wa India, Narendra Modi, aliwaomba wananchi wake kwenye kipindi chake cha redio wapunguze mafuta ya kupikia kwa asilimia 10. Kwa nyumba ya lita mbili kwa mtu, kiasi hicho ni kidogo mno, lakini njia ni sahihi: kila nyumba ianzie pale ilipo. Andika tarehe kwenye dumu siku linapofunguliwa, na siku linapoisha ugawanye lita kwa idadi ya walaji. Ikizidi lita moja kwa mtu kwa mwezi, shusha kwa robo, ulimi uzoee, ushushe tena. Siku hiyohiyo pima kiuno kwa utepe, na uombe kipimo cha HbA1c, ambacho huonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu. Rudia vyote baada ya miezi mitatu. Majibu yakirudi yameshuka, mtu wa kwanza kuonyeshwa awe yule anayepika, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi ameifanya yeye.